Malalamiko Dhidi ya Mratibu Aliyenifanya Niweze

Kwako Ndugu Mkurugenzi,
Mfuko wa Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu.

KUHUSU: MRATIBU WANGU, NA HASARA ALIYONITIA KWA MIAKA TISA

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa vizuri kwenye kiti chako, na hapakuhitajika mtu wa kukunyanyua ili ukae hapo. Mimi pia ni mzima, ila nakuomba sana neno hilo usiliandike popote. Sababu nitaieleza mbele.

Mimi ni fundi wa nguo. Nakaa chumba cha mwisho, korido ya chini, mlango unaotazama kamba za kuanikia nguo. Miguu yangu haijawahi kunibeba tangu utotoni, na mkono wangu wa kushoto kazi yake kubwa ni kuvaa saa. Mkono wa kulia ndio ninaoandikia barua hii, na kama utaona maandishi yanakolea sehemu fulani ujue hapo nilikuwa na hasira.

Kwa miaka tisa nimekuwa chini ya mratibu wa huduma ambaye mtaani tunamwita Dada Mafaili, kwa kuwa hajapata kuonekana bila mafaili kwapani, hata msibani. Kazi yake unaijua kuliko mimi: kuhakikisha msaada uliopangwa na Mfuko unamfikia mtu aliyepangiwa, kwa wakati, na kwa namna inayomfaa. Kwangu mimi msaada wenyewe ni saa tatu za msaidizi kila asubuhi. Basi, hakuna kingine. Hizo saa tatu ndizo zinazonitoa kitandani.

Mwezi uliopita mkabadilisha utaratibu. Zamani mtu aliwekwa kwenye kundi, na kila kundi lilikuwa na saa zake. Sasa kila mmoja anapimwa upya nyumbani kwake, kwa alama. Usichoweza kinakupa alama, unachoweza hakikupi kitu, na asiyefikisha thelathini anatolewa. Mimi nimepata kumi na moja. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao sina msaidizi.

Nimekaa nikatafakari ni nani aliyenifikisha hapa. Kuwalaumu nyinyi sikutaka, maana nyinyi mmepima tu mlichokikuta. Nikatazama chumba changu kona hadi kona, na kila nilipotupa jicho niliona mkono wa mtu mmoja. Ndugu Mkurugenzi, mhusika ni Dada Mafaili. Naomba niyapange makosa yake kwa namba, bila kutia chumvi.

1. Ngazi zangu.

Mlangoni kwangu palikuwa na ngazi tatu nzuri kabisa. Kutoka nje ilikuwa lazima nibebwe na wanaume wawili, na mmoja wao ni jirani yangu Mzee wa Redio, mtengeneza redio ambaye mgongo wake nao ulikuwa unalia kwa zamu. Kwa hiyo nilitoka mara moja kwa wiki, ikinyesha sitoki. Ndipo akatokea Dada Mafaili na barua yenye mihuri miwili, na mwashi, na mifuko ya saruji. Kwa siku nne wakamwaga mteremko juu ya ngazi zangu. Hakuna aliyeniuliza kama ngazi zile nitakuja kuzihitaji.

Sasa tazama. Swali la nne la fomu yenu linauliza: je, mhusika anaweza kutoka na kuingia nyumbani kwake? Mkaguzi wenu alisimama pale nje, akaniona nateremka na kiti changu kama mtu anayekwenda kulipia kiwanja. Akaandika: anaweza. Sifuri. Laiti zile ngazi zingekuwepo, ningekuwa na alama sita mkononi bila jasho.

2. Meza na pedali.

Cherehani yangu ni ya umeme, na inaendeshwa kwa pedali ya mguuni. Mimi na pedali ya mguuni tulikuwa tunaangaliana tu. Nilikuwa nashona kwa mkono, suruali moja siku mbili, na wateja wananihurumia. Huruma ya wateja, Ndugu Mkurugenzi, ni kitu kizuri kwenye fomu. Dada Mafaili hakuweza kuivumilia. Alimleta seremala akakata miguu ya meza ili kiti changu kiingie chini yake, kisha yeye mwenyewe, na mafaili ameyalaza kitandani kwangu, akaifunga ile pedali juu ya meza kwa skrubu ili niibonyeze kwa kiwiko. Tulijaribu mara nyingi kabla ya kupata mahali pake. Ilipokubali alipiga kelele hadi Mzee wa Redio akaja kuuliza nani kafariki.

Matokeo yake nashona sare za shule nzima. Swali la kumi na moja: je, mhusika anaweza kufanya kazi ya kujipatia riziki? Sifuri nyingine.

3. Msaidizi asiyeacha alama.

Hapa ndipo maandishi yatakapokolea.

Dada Mafaili alinitafutia msaidizi ninayemwita Mama Alfajiri. Anaingia saa kumi na mbili kamili. Ananigeuza, ananiosha, ananivalisha, ananinyanyua kwa ule mshipi mpana wa turubai, ananikalisha kwenye kiti, ananichana nywele upande ninaoupenda, anabadilisha shuka, anafungua dirisha. Saa tatu anaondoka. Akishaondoka hakuna ushahidi wowote kwamba alikuwepo. Ndoo imefunikwa, mshipi umekunjwa umewekwa nyuma ya pazia, na mimi nimekaa kwenye kiti na shati langu lililonyooka, utadhani nilichipuka hapo.

Mkaguzi alikuja saa tisa alasiri. Alinikuta nimekaa. Hakuuliza nimekaaje. Fomu yake ilikuwa na maswali arobaini na mbili na hakuna hata moja lililouliza saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa katika hali gani. Kwenye swali la kulala na kuamka aliniuliza kama huwa naamka mapema, nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli. Macho huwa yanafunguka mapema sana.

Kwa hiyo namshitaki Dada Mafaili kwa kuajiri mtu hodari kupita kiasi. Angeniletea mtu mzembe, anayeacha maji sakafuni na kunivalisha shati kinyume, mkaguzi angeuliza, na mimi leo nisingekuwa nahesabu siku za kubaki kitandani. Nikizihesabu naogopa. Nasema hivyo bila aibu.

4. Maandalizi.

Najua Mfuko uliwaandaa waratibu kwa ajili ya mabadiliko haya. Dada Mafaili alienda semina ya siku tatu, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, akarudi na begi la kitambaa, kalamu moja isiyoandika, na mwongozo wa kurasa themanini na nane. Semina iliwafundisha jinsi ya kutuandaa sisi. Kwa kifupi, wametakiwa kutufundisha kuieleza siku yetu iliyo mbaya kuliko zote.

Tukafanya mazoezi. Alivaa miwani ya baba yake mdogo ili afanane na mkaguzi, akatoka nje, akabisha hodi. Zoezi la kwanza nilishindwa kabla hajaketi, kwa sababu nilimkaribisha na kumimina chai. Alivua miwani akaniambia, "Fundi, mkono wenyewe unaosema hauna nguvu ndio huo umeshika chupa ya chai?" Zoezi la pili aliniuliza habari za tangu asubuhi, nikajibu nzuri. Akaniuliza za nyumbani, nikajibu nzuri. Akaniuliza afya, nikasema namshukuru Mungu. Akaweka kalamu chini. "Hapo umeshaondolewa," alisema, "na bado tuko kwenye salamu."

Nikamuuliza, sasa mtu mgeni akikuuliza habari yako ujibu nini? Kwamba ni mbaya? Mama yangu angefufuka anichape. Tulibishana saa nzima. Yeye alisema kwa siku moja tu nijikaze kisabuni niwe na adabu mbaya. Zoezi la tatu nilijitahidi kweli, nikainamisha kichwa na kuvuta pumzi kwa huzuni, lakini ile miwani ilikuwa imemshuka hadi puani, tukacheka hadi Mama Alfajiri akatufukuza aweze kufagia.

Kwa hiyo namshitaki kwa kuniandaa vibaya. Miaka tisa ananifundisha kuweza, halafu ananipa mazoezi matatu ya kujifunza kushindwa. Huo ni mtaala gani?

5. Kifungo cha koti.

Siku yenyewe Dada Mafaili aliniaga kwa simu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Leo usiwe fundi, nakuomba. Kaa kama mteja."

Nilikaa kama mteja kwa dakika tano. Mkaguzi ni kijana mstaarabu, nisimsingizie. Alisalimia vizuri, nami nikajibu vizuri, na kila jibu likaandikwa. Nimeonyeshwa nakala: "Mhusika anasema hali yake ni nzuri, nyumbani kwake ni kwema, na kuhusu afya yake hana la kulalamika." Kosa langu, nakubali.

Lakini kijana wa watu alikuwa na koti lenye kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Kila alipoinama kuandika kilibembea. Ndugu Mkurugenzi, sijui wewe una fani gani, lakini mtu mwenye fani yake hawezi kukaa na kitu kama kile mbele ya macho. Nilivumilia hadi swali la kumi na nne. Swali la kumi na nne linasema: je, mhusika anaweza kutumia mikono kwa kazi ndogondogo zinazohitaji umakini? Nikamjibu, "Kwa shida sana," huku uzi umo kinywani na sindano imechomekwa kwenye kijimto changu cha sindano kilichofungwa mezani, nikamwomba avue koti. Hata sikujua nimeshika koti hadi nilipokuwa nakata uzi kwa meno.

Aliguswa kweli. Alishukuru mara tatu. Na wiki mbili baadaye nikapokea barua yenu inayoanza kwa neno "Hongera".

Nani aliyefunga kile kijimto mezani ili niweze kutunga uzi kwa mkono mmoja? Usinilazimishe nimtaje tena.

6. Si mimi peke yangu.

Kama uharibifu huu ungeishia kwangu ningenyamaza. Lakini mwanamke huyu ana watu arobaini na mmoja kwenye mafaili yake, na kote alikopita amefanya hivyohivyo. Yupo mwalimu asiyeona ambaye zamani alisubiri kushikwa mkono hadi jioni. Leo anavuka barabara mbili peke yake na kuwagombeza madereva. Yupo binti asiyeongea, mtoto wa muuza mkaa, ambaye Dada Mafaili alimtengenezea daftari la picha. Nyumba nzima ilikuwa na amani, sasa binti ana maoni juu ya kila kitu, kuanzia rangi ya gauni hadi mchumba wa dada yake. Watu ishirini na tisa kati ya hao arobaini na mmoja wamepokea "Hongera".

Na kwa kuwa watu wake hawana tena mahitaji, mmemwandikia na yeye kwamba nafasi yake inaangaliwa upya. Sawasawa kabisa. Mahali ambapo kila mtu anaweza, mratibu wa nini? Ningekuwa mimi ningemwondoa jana.

Baada ya kusema hayo, naomba Mfuko uchukue hatua zifuatazo. Nimezipima na naona hazina gharama kubwa.

Kwanza, Dada Mafaili aamriwe kunirudishia hali yangu kama alivyoikuta. Aje na nyundo avunje mteremko, ngazi zangu tatu zirudi kwa kimo kilekile. Meza iongezwe miguu. Pedali irudi chini, tuendelee kuangaliana.

Pili, semina za waratibu zibadilishwe ili ziendane na wakati. Siku ya kwanza wafundishwe kufungua skrubu. Siku ya pili wafundishwe kumwambia mtu "hapana, hutaweza" kwa sauti ya upole. Siku ya tatu ufanyike mtihani: mratibu apewe mtu anayejitegemea, na akimrudisha kitandani ndani ya saa nane apewe cheti. Mratibu atakayekutwa amemsaidia mtu kwa siri afutwe kwenye orodha. Nina hakika kwa utaratibu huu watu wote watafikisha thelathini, na Mfuko utakuwa na wahitaji wa kutosha kwa miaka mingi.

Tatu, kama hilo ni gumu, niko tayari kwa zamu. Mwezi mmoja nipewe Mama Alfajiri, nioshwe, nivalishwe, nikalishwe, nishone. Mkaguzi aje anikute naweza, aniondoe. Mwezi wa pili nilale. Mkaguzi aje anikute siwezi, anirudishe. Wateja wangu nitawaandikia ratiba mlangoni. Shule ikitaka sare izitake mwezi wenye Mama Alfajiri. Sijaona tatizo lolote hapo isipokuwa vidonda vya mgongoni, na hivyo nimeambiwa vina fomu yake.

Nimalize kwa kukusalimia wewe na wote wa ofisini kwako: mpokezi wa barua, mpiga mihuri, dereva, mpishi wa chai, na aliyetunga swali la kumi na nne. Msalimie sana yule kijana mkaguzi na umwambie kifungo cha pili kutoka juu nacho kilikuwa kimeanza kulegea, aje nikikaze. Mzee wa Redio anakusalimu. Mama Alfajiri anakusalimu kwa mdomo mzito.

Ni mimi niliyepata hasara,
Fundi wa Nguo,
chumba cha mwisho, korido ya chini.

Nyongeza: Ndugu Mkurugenzi, nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nimeifungua tena.

Sina malalamiko yoyote dhidi ya Dada Mafaili. Barua hii tumeiandika naye, mimi na yeye, hapa mezani, Jumamosi nzima. Kugawa makosa yake kwa namba ni wazo lake. Kosa la sita ni lake neno kwa neno, mimi nilikataa kuliandika, akanishika kichwa akaniambia andika.

Sababu ni ukurasa wa sitini na tatu wa mwongozo wenu, ambao nadhani hata walioutunga hawakufika huko. Unasema rufaa ya alama itasikilizwa "wakati utakaporuhusu". Lakini lalamiko dhidi ya mratibu lazima lijibiwe ndani ya siku saba, na afisa atamtembelea mlalamikaji nyumbani, kwa saa atakayoichagua mlalamikaji mwenyewe. Dada Mafaili aliusoma ukurasa ule mara tatu. Kisha akasema, "Fundi, nishitaki." Nikamwambia watakufukuza. Akasema wanamfukuza hata hivyo, bora afukuzwe kwa kuifanya kazi yake.

Alinionya nisiandike nyongeza hii, kwamba itaharibu kila kitu. Pengine imeshaharibu. Nimejaribu kulala na uongo ule juu yake umo ndani ya bahasha, kwa mwandiko wangu, nimeshindwa. Yule dada ndiye mtu aliyeniuliza nataka nini, wakati wengine wote walikuwa wanauliza nina nini. Mkimwondoa, wale ishirini na tisa hawatakuwa na wa kuwasomea hata ukurasa wa kwanza.

Hata hivyo saa nimeichagua, na naomba mje. Iwe tarehe pili ya mwezi ujao, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama Alfajiri atakuwa ameachishwa jana yake. Ufunguo uko kwa Mzee wa Redio. Mkibisha hodi nitaitikia, lakini sauti ya mtu aliyelala haifiki mbali, na kufungua sitafungua. Msione kimya mkaandika kwamba hamkukuta mtu. Ingieni tu. Nipo.